Punda wa Nzilani na Simba Aliyeitwa kwa Debe

Hapo zamani, watu walipokuwa wakilinda mtama kwa kupiga madebe, aliishi mzee Munyoki, mlezi wa simba waliofiwa na mama zao. Aliwalisha, akawafundisha kuwinda, akawarudisha porini. Hakuwa na kazi nyingine, na mkewe alikwisha kuacha kumuuliza.

Wa mwisho aliitwa Makau. Kila siku Munyoki aligonga debe, Makau akaja, akaketi, akapewa nyama. Alipojua kuwinda, mzee akamwachilia. Kisha akamwambia Musembi, askari wa wanyamapori, "Nenda kijijini. Waambie wasipige madebe mpaka mvua ijayo. Atakuwa amesahau."

Musembi akaenda, akawatangazia wanaume barazani. Wanaume wakasikia, wakakubali, wakarudi nyumbani kula.

Katika kijiji hicho, walinzi wa mtama ni wanawake.

Asubuhi moja Kasyoka aliona ndege shambani mwake, akapiga debe. Ndege wakaruka. Makau akaja, akaketi. Kasyoka akapiga kwa nguvu ili amfukuze. Makau akasogea. Kasyoka akapiga kwa nguvu zote. Makau akasogea zaidi. Kasyoka akatupa debe, akapanda mgunga na miiba yake. Makau akangoja nyama. Nyama haikuja. Lakini shambani alikuwamo punda wa jirani yake Nzilani, anakula mtama. Makau akamla punda.

Nzilani alikuwa mjane. Kisima kilikuwa mwendo wa nusu siku, na maji yake aliyabeba punda huyo. Kijiji kikaamua: mwenye kosa atambebea Nzilani maji mpaka apate punda mwingine. Mwenye kosa asipopatikana, kosa ni la simba, na simba atauawa kwa mishale jioni hiyo.

"Mimi nilionya," akasema Munyoki. "Na Makau aliitwa, akaja. Ndivyo nilivyomfunza."

"Mimi nilitangaza," akasema Musembi. "Niliambiwa kijiji. Kwani wanaume si kijiji?"

"Si kijiji," wakasema wanawake.

"Mume wangu alitoka barazani akaniuliza kama chakula kiko tayari," akasema Kasyoka. "Hakuniambia lingine."

Mumewe akatazama viatu vyake.

"Lakini punda wangu ulimwona," akasema Nzilani. "Mbona hukumfukuza?"

"Nilikuwa na mgeni, dada. Na wewe mbona hukumfunga?"

"Kamba yake unayo wewe. Nilikuazima juzi."

Munyoki akasimama, akainua mtungi wa Nzilani. "Nipeni. Nitabeba mimi."

"Weka chini, mzee," wanakijiji wakamwambia. "Tulisema mwenye kosa, hatukusema mwenye huruma. Kama huna kosa, simba anakufa. Kama unalo, litaje."

Munyoki akafungua kinywa, akafikiri, akakifunga. Mtungi hakuuweka chini.

Basi ninyi mliosikia, semeni kabla wenye mishale hawajaondoka: maji ya Nzilani, je, nani alistahili kuyabeba?