Konokono Aliyekula Herufi Mbili

Hadithi, hadithi!
— Hadithi njoo!
Inakuja imepanda nini?
— Mgongo wa konokono!
Basi itafika lini?
— Tukiwa na mvi!

Ahsanteni. Mngeitikia kivivu ningelala zangu.

Mnaijua chemchemi ya Kwembago, pale chini ya kilima? Maji yake meupe mpaka ukichota unadhani ndoo haina kitu. Humo waliishi konokono wadogo kama punje ya mahindi, wasiopatikana penginepo. Mimi mwenyewe niliwahesabu, nikafika milioni tisa na robo, uji ukaiva nikaacha. Kazi yao kulamba. Wanalamba jiwe: ahsante, jiwe. Wanalamba jani: ahsante, jani. Ndiyo maana maji yetu hayajawahi kuota utelezi.

Basi akaja Kenge. Kenge yule mrefu! Kichwa kiko hapa, mkia uko Korogwe. Akikohoa, ndizi zinaiva. Kila siku jua likishampasha mgongo, anashuka majini: kacha! mmoja. Kacha! wa pili. Kacha-kacha-kacha! ukoo mzima.

Mpaka wakabaki saba.

Ndipo akaja Bi Nakijwa, mtaalamu wa viumbe vya maji, na mabuti yake ya mpira. Akahesabu: saba. Akahesabu tena: saba. Akageuza ndoo, akaikalia, akafuta machozi. "Hawa wakiisha," akasema, "wameisha dunia nzima." Akamwita fundi Shekiondo aandike kibao chekundu: KONOKONO HUYU HATARINI.

Sasa Shekiondo ana mkono mnene. Akaandika herufi kama milango. Akafika HATARI, ubao umekwisha! Ile NI akaisukumia chini pembeni, peke yake, kama mtoto aliyetolewa darasani.

"Shekiondo! Mbona NI umeitupa huko?" Bi Nakijwa akafoka. "Ikifutika umeharibu. Hatarini, maana yake wanaumizwa. Hatari, maana yake wanauma!"

"Haifutiki, bibie. Rangi ya mafuta hiyo, haitoki hata kwa panga."

Konokono mdogo kuliko wote alikuwa chini ya jani, anasikia. Na Kenge alikuwa kwenye matete, naye kasikia, lakini kasikia neno moja tu.

"Saba dunia nzima!" akasema watu walipoondoka. Ulimi nje: lwii, lwii. "Kesho nakula kitu ambacho hata simba hajaonja!"

"Ahsante, mjomba, kwa kutuarifu mapema," Konokono akasema. "Ila usome kibao kwanza. Si tunasikia wewe msomi?"

Kenge akavimba shingo. "Unaniuliza mimi? Mimi nimelala chini ya dirisha la shule miaka miwili! Leo macho yamechoka. Kesho nasoma, halafu nakula."

Kenge akaenda zake. Konokono akaanza kupanda mguu wa kibao. Mvuto mmoja: ahsante, mti. Mvuto mwingine: ahsante, mti. Alipofika juu, ilikuwa keshokutwa ya jana, yaani kesho yenyewe, na jogoo wameshawika. Na ulimi wa konokono una meno, msione hivi, elfu kumi na mbili. Niliwahi kuuazima nikapasulia kuni.

Kwaru, kwaru, kwaru. N ikaenda. Kwaru, kwaru, kwaru. I ikaenda nusu. Jua likapanda. Mara, paraa, paraa, paraa! Kenge huyo anakuja, tumbo linaburuza mawe! Nusu ya I bado ipo! Konokono akafanyaje? Akaikalia. Akatulia juu yake kama nukta.

Kenge akasimama, akakohoa kisomi. "Ko-no-ko-no. Hu-yu. Ha... ta... ri. Hatari?"

"Ahsante, mjomba, umesoma vizuri."

"Hatari ya nini, wewe kidude?"

"Mjomba, umeshaona kuku amewekewa kibao chekundu? Mbuzi je? Kibao chekundu cha HATARI kinawekwa kwenye nini?"

Kenge akafikiri. Akakumbuka ile nguzo kubwa kando ya barabara. "Kwenye... umeme."

"Kwenye umeme, na kwangu."

"Mbona wenzako nimewala wote, wala sikudhurika?"

"Ndiyo maana wamekuja haraka kuweka kibao. Hebu sikiliza tumboni."

Kenge akainamisha kichwa. Hajala tangu jana. Tumbo likasema: nguuurrr!

"Umewaka huo," Konokono akasema.

"Uwiii!" Kenge akageuka, vuruvuru, vuruvuru! Akapita matete, akapita mashamba, akapita wilaya tatu bila kuaga. Mpaka leo mkimwona kenge anatoa ulimi nje, lwii, lwii, anapoza umeme.

Bi Nakijwa aliporudi mvua zilipokwisha, akakuta NI haipo. "Shekiondo!" akaanza. Halafu akainama majini kuhesabu. Saba... kumi na saba... mia... Kibao akakiacha vilevile.

Na Konokono? Aliita watoto wake akasema: "Tusisahau kushukuru. Ahsante, mama wa mabuti, kwa kutulilia. Ahsante, fundi, kwa mkono mnene. Ahsante kwa waliomfundisha mjomba kusoma, na ahsante zaidi kwa waliomfungia dirisha mapema." Nami naongeza yangu: maji ya chemchemi ile ndiyo yaliyonikuza hivi nilivyo, mzuri kupita kiasi. Ahsante, Konokono.

Basi, fundisho lenu hili, lishikeni: msikwangue vibao vya watu! Mkwangua kibao hafiki popote. Mtazameni Konokono: tangu siku ile hajafika popote. Yupo palepale, yeye na watoto wake mia tatu.

Hadithi yangu imeingia kwenye gamba.
— Imefunga mlango?
Imefunga. Anayetaka nyingine, agonge kwa adabu.