Majibu Yaliyopita Juu ya Ukuta

Ndugu zangu, leo sitawachosha. Nina habari za dada mmoja, na tafadhali msianze kugeuka nyuma kutafuta ni nani, maana nimemtunga mwenyewe jana nikinyoosha shati hili.

Alikuwepo dada mmoja mpangaji. Nyumba zetu hizi mnazijua: vyumba sita, bomba moja uani, choo kimoja, na kuta za vyumba hazifiki kwenye bati. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakupa pole. Dada huyu alikuwa akifanya kazi ya mapokezi kwenye zahanati, zahanati ikafungwa. Akakaa mwaka na miezi bila kazi, mpaka ikabidi binti yake wa pekee, mtoto wa miaka sita, ampeleke kwa bibi yake mkoani. Pale stendi mtoto akamuuliza, "Mama, utanifuata lini?" Akamjibu, "Nikipata kazi." Tangu siku hiyo kila akipiga simu, mtoto haulizi kingine. "Mama, umeshapata?" Ninyi wazazi mliomo humu, niambieni, swali hilo unalijibuje?

Basi akasikia kuna hospitali inatafuta mtu wa kupokea simu za wagonjwa. Kazi yenyewe unaifanyia nyumbani kwako, na usaili ni wa kwenye kompyuta. Akaazima kompyuta kwa binamu yake, akavaa blauzi nzuri, chini kanga, maana huko chini nani anaona? Akakaa. Msaili hajamaliza hata salamu, fundi cherehani wa chumba cha pili akaanza kushona. Mama wa vitumbua akaingiza mchi kwenye kinu. Jogoo wa bibi mwenye nyumba naye akaona asiachwe nyuma. Yule msaili akauliza, "Samahani dada, uko sokoni?" Wakamwambia watawasiliana naye. Na kuwasiliana kwenyewe mnakujua.

Dada akatoka uani kwa hasira. Akawakuta wote watatu. Akasema, "Ninyi maisha yenu yameishia hapa uani, kwenye moshi na makelele, sasa mnataka na yangu yaishie hapa! Mnanikalia kichwani!" Akamgeukia hata bibi mwenye nyumba, mtu wa umri wa kumzaa mama yake, akamwambia mambo ambayo mimi madhabahuni siwezi kuyarudia. Halafu akaingia ndani, akabamiza mlango. Kuanzia asubuhi iliyofuata, anapita na ndoo yake katikati ya watu kimya, salamu hakuna. Bibi wa watu hapewi hata shikamoo. Mwezi mzima! Mnajua ilivyo kazi ngumu kutosalimiana na watu mnaochota maji bomba moja? Ni kazi ngumu kuliko kusamehe, lakini sisi tunaiweza.

Mwezi huo ukiwa bado wiki ya kwanza, hospitali nyingine ikamwita. Usaili wiki tatu mbele, Jumanne, saa nne asubuhi. Safari hii akasema, sikubali. Na hapa nampongeza kabisa, maana alijiandaa kweli, si kama sisi tunaomwomba Mungu atufaulishe jambo ambalo hata hatujalisoma. Akaitafuta hospitali ile, akajua ina wodi ngapi na inatibu nini. Akaweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa ili uso wake uonekane sawasawa. Akatundika shuka jeupe ukutani. Akanunua bando mapema. Binamu yake, alipomtajia kwa simu hiyo Jumanne saa nne, alikuwa amemwambia, "Usiangalie uso wa mtu, angalia kile kitundu cha kamera, ndipo yeye ataona unamwangalia." Akajizoeza na hilo.

Na kila asubuhi, wiki tatu, alikuwa akijiuliza maswali na kujijibu kwa sauti. Swali moja lilimsumbua, kwa hiyo alilirudia kuliko yote: mteja aliyekutukana jana, leo anapiga simu ana shida, utafanya nini? Jibu lake alilipanga vizuri: "Nitamhudumia kama vile jana haikuwepo. Nitatazama shida yake, sitatazama maneno yake." Analisema, anakohoa, analisema tena.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kelele. Angekwenda kuwaomba majirani wanyamaze? Kwa mdomo upi? Aliyewaambia maisha yao yameishia uani aende tena kuwabembeleza? Akaziba dirisha kwa godoro, akamwachia Mungu.

Jumanne ikafika. Saa nne kamili wasaili wawili wakatokea, mama mmoja mtu mzima na kijana wa kiume. Dada anasubiri cherehani ianze. Haikuanza. Anasubiri mchi. Kimya. Hata jogoo, jamani, kimya! Roho ikamtulia, akajibu swali la kwanza, la pili, la tatu, maneno yanatoka yenyewe. Likaja na lile swali la mteja aliyetukana. Akalijibu bila kumeza mate. Yule mama akatabasamu, akaandika kitu.

Kisha akasema, "Hongera, mahali pako ni patulivu sana. Mwenzako aliyetangulia tulimsikia kwa shida."

Dada akajibu, "Asante mama. Nimejipangia mwenyewe."

"Vizuri. Basi kwa kuwa kazi hii ni ya nyumbani, tunaomba utuonyeshe mazingira. Inua kompyuta, fungua mlango, tuone na nje."

Angekataaje? Akainua kompyuta na kanga yake hiyo kiunoni, akafungua mlango.

Ndugu zangu, uani kulikuwa na watu. Fundi ameketi mbele ya cherehani yake, miguu ameiondoa kwenye kanyagio, anashona sare ya shule kwa mkono, sindano na uzi. Mama wa vitumbua amesimama getini, wateja wanakuja na mabakuli yao, anawarudisha kwa kidole mdomoni, na nyuma yake unga umeumuka mpaka unamwagika kutoka kwenye sufuria. Bibi mwenye nyumba amekaa kwenye kigoda, jogoo yuko ndani ya kanga yake, mdomo ameushika. Bibi alipomwona dada mlangoni akakunja uso, akampungia mkono: rudi ndani wewe, bado hujamaliza!

Kwenye kompyuta sauti ya yule mama ikauliza, "Dada, hao ni kina nani?"

Dada akawatazama wote watatu, mmoja mmoja. Mwisho akasema, "Ni majirani zangu, mama. Nimewadanganya ninyi. Sikupanga chochote mimi. Huu utulivu ni wao."

Usaili ukaisha. Akaweka kompyuta kitandani, akatoka nje, akapiga goti mbele ya kile kigoda. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," bibi akamjibu, na jogoo akamwachia. "Kumbe umerudi. Tulidhani ulisafiri."

Dada akalia. Akasema, "Bibi, mimi niliwatukana. Nimewapita mwezi mzima kama mawe. Kwa nini mmenifanyia hivi?"

Bibi akamshangaa kweli. Akasema, "Si wewe mwenyewe uliyetuambia? Kila asubuhi tunakusikia humo ndani: aliyekutukana jana, leo ana shida, mhudumie kama vile jana haikuwepo. Mara ya kwanza fundi alichukia. Ya pili tukacheka. Lakini wiki tatu, mwanangu! Tukaambiana, maneno haya mazuri, hebu na sisi tuyajaribu."

Mnataka kujua kama kazi aliipata. Aliipata, na mtoto akarudi, na Mungu apewe sifa. Lakini msikimbilie hapo, maana raha ya kazi itatufanya tusahau aibu ya pale uani. Yule dada alikuwa na jibu. Alilijua kwa moyo, alilisema kwa sauti nzuri, wasaili wakampa alama zote. Na watu aliosema maisha yao yameishia kwenye moshi ndio waliolitenda. Wala si wote wa kwetu hapa. Yule fundi anaswali msikitini. Mama wa vitumbua, Jumapili yupo jikoni, sijui anasali wapi.

Sisi je? Sisi tuna majibu, wapendwa! Tukiulizwa habari za kusamehe hakuna wa kutushinda. Kuanzia shule ya Jumapili tunakariri. Tunaomba kwa sauti, majirani wanatusikia. Wewe unayefunga na kuomba alfajiri, unadhani ukuta wako umefika kwenye bati? Yule uliyemnunia anasikia. Na huenda maneno yako yamemwingia, ameshaanza kukufanyia mema kimyakimya, wakati wewe mwenye maneno bado unampita na ndoo.

Nanyi msidhani nawasema ninyi peke yenu. Mimi nimehubiri msamaha humu, nimehesabu jana, mara nne tangu kile kikao cha kujenga uzio wa kanisa. Katika kikao kile nilimjibu vibaya mzee mmoja mbele ya watu, na tangu siku ile tunatikisiana kichwa tu mlangoni. Mara nne ameketi mstari wa tatu, upande wa dirisha, amenisikiliza mpaka mwisho. Na wiki ile mke wangu alipolazwa, aliyekuja kufyeka majani nyumbani kwangu bila kuniambia ni yeye. Nilimwona kupitia dirishani, nikashusha pazia.

Kwaya, kaeni kwanza. Mzee, usisimame, tafadhali, kaa hapo hapo. Mimi ndiye ninayeshuka.