Kata ya Nyumba ya Theluji

"Akupaye kata, mtazame koo." Mliisikia jana kwenye posa ya Aneti. Mjomba wenu aliitamka alipoletewa pombe kwenye kata ya kibuyu, na yule mkwe mwenye suti akacheka, akalegeza tai na kufungua kifungo cha shingoni, akameza fundo moja kabla ya kumpa. Watu wazima walipiga makofi, ninyi mkabaki mmetoa macho kama vifaranga. Leo mnaniuliza maana yake. Haya, endeleeni kuchambua hiyo kahawa, mikono isilale, nami niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, barafu ya Kibo ilipokuwa ikishuka chini kuliko mnavyoiona sasa, palikuwa na hoteli huko juu, ukingoni mwa theluji. Watu wa kwetu waliiita Nyumba ya Theluji. Mwenyewe alikuwa Mgiriki, Bwana Kostasi. Wageni wake walitoka nchi za mbali kuja kujifunga mbao ndefu miguuni, wateleze kutoka juu hadi chini, kisha wapande tena kwa jasho ili wateleze tena. Wazee wetu walisema huo ni wazimu, ila ni wazimu wenye mshahara, kwa hiyo vijana wakaenda kufanya kazi. Mkuu wa watembezaji, wale walioongoza wageni mlimani, alikuwa mzee Meeli. Alijua kila ufa uliojificha chini ya theluji, na shingoni alivaa firimbi. Akiipuliza, hata mgeni mwenye kiburi alisimama papo hapo.

Jikoni alikuwako mwanamke aitwaye Aikande. Kaka yake, Oforo, alikuwa mmoja wa watembezaji. Wazazi wao walikufa mapema, Oforo akamlea dada yake kwa kumbeba mgongoni na kumwachia kipande kikubwa cha ndizi. Aikande hakuwa na ndugu mwingine duniani, wala hakutaka mwingine.

Basi, mzee Meeli alichoka magoti. Siku moja akawaambia watembezaji kwamba atateremka nyumbani kwake, na firimbi atamwachia Oforo. Kisaka, aliyemfuata mzee kwa ukubwa wa kazi, alikuwa ameingoja firimbi ile miaka mingi. Alikasirika mbele ya watu, akasema maneno ambayo mtu hamwambii mzee.

Siku chache baadaye theluji ilianguka mfululizo, pakawa hapatoki mtu wala hapaingii mtu. Jioni watembezaji walikaa mbele ya moto wakisubiri mzee aanze mbege, pombe ya ndizi aliyoipika Aikande nyumbani kwao, ambayo Oforo aliibeba kutoka chini kwa ajili ya kumuaga mzee. Kisaka akaingia akitoka nje, kashika mkononi jani la isale alilolileta kutoka kijijini kabla ya theluji. Mnajua wenyewe: mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huna ruhusa ya kumkatalia, hata awe amekuchomea nyumba. Mzee akalipokea. Kisaka akachota pombe kwa kata, akaonja kwanza kama desturi yetu inavyotaka, ili anayepewa ajue hamna kitu ndani, kisha akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akanywa yote. Wote wakashangilia.

Kabla moto haujahitaji kuni nyingine, mzee Meeli alishika tumbo, akaanguka, akafa palepale miguuni pa Aikande.

Bwana Kostasi akaamuru mifuko ya watembezaji wote ifunguliwe. Ndani ya mfuko wa Oforo ikakutwa chupa ya dawa ya panya kutoka stoo.

"Pombe kaibeba nani? Oforo," alisema Bwana Kostasi. "Firimbi anarithi nani? Oforo. Kaona mzee anachelewa kuondoka."

"Na Kisaka je?" Aikande aliuliza. "Si ndiye aliyempa kata?"

Watembezaji wenyewe ndio waliomjibu. Kisaka ameonja, walisema, tumemwona kwa macho yetu; tone moja haliui mtu, lakini mwenye kutia sumu hathubutu hata hilo. Na kweli walimwona. Kwao mtu akishaonja amekwisha kula kiapo, na hakuna aliyewahi kufikiri zaidi ya hapo.

Oforo akafungwa kwa kamba ya kupandia, akawekwa kwenye chumba cha mbao za kutelezea. Theluji ikikatika angeteremshwa bomani, na kila mtu alijua kinachomngoja muuaji bomani ni kitanzi. Asubuhi wageni walisimama madirishani wakiomba theluji ikome. Aikande peke yake aliomba izidi. Kila alipoona mbingu inang'aa kidogo, alianza kuomba upya.

Alikuwa jikoni anakoroga uji, machozi yanadondokea humo humo, Kisaka alipoingia.

"Pole, dada," alisema kwa upole. "Haya ni mapito tu. Ile kata ya jana umekwisha iosha?"

"Bado."

"Lete nikuoshee. Una mengi leo."

Aikande aliacha kukoroga. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mwanamume wa kwao akiomba kuosha chombo. Wengine hata jikoni hawakukanyaga, wangeliungua kwa aibu.

"Acha, kaka," alisema bila kugeuka. "Watu watanicheka mimi, si wewe."

Kisaka alisimama nyuma yake kwa muda. Aikande alisikia pumzi yake, akawaza juu ya kisu kilichokuwa mezani, kwamba Kisaka yuko karibu nacho kuliko yeye. Kisha mlango ukafungwa.

Akakaa chini kwenye gunia la mkaa. Hapo ndipo picha ya jana ilipomrudia. Moto ulikuwa mkali, wote wamevua makoti na skafu, wengine wamebaki na shati. Kisaka peke yake alikuwa na skafu, imezungushwa mpaka chini ya kidevu. Alipoonja, wote waliona kata ikipanda na kushuka. Koo lake hakuna aliyeliona.

Lakini aende akamwambie nani? Skafu si ushahidi. Mtu huweza kusikia baridi.

Basi Aikande alifikiri, na dirishani mwanga ulikuwa unaongezeka. Kata zake alizipata kwa kupasua kibuyu kimoja katikati, zikawa pacha, hata yeye alizitofautisha kwa kuzigeuza tu. Kata ya mzee aliifunga kwenye kitambaa, akaificha ndani ya unga. Pacha yake akaijaza mbege.

Ukumbini walikuwamo wote, Bwana Kostasi, wageni na watembezaji, wanamtazama Oforo akitolewa na kamba zake. Nje theluji ilikuwa imekatika.

"Bwana," Aikande alisema, "kabla hamjamchukua kaka yangu, nina neno. Pombe ni yangu. Kesho watasema huko chini kwamba Aikande hupika pombe ya kuua. Naomba Kisaka anisafishe jina. Kata ni ile ile aliyomnywesha mzee, sijaiosha, yeye mwenyewe anajua. Jana alionja ikawa salama kwake. Aonje tena, hapa kwenye mwanga."

"Si neno," alisema Kisaka, akanyoosha mkono. Alikuwa na skafu yake.

"Vua skafu, kaka. Kuna moto."

Watembezaji walitazamana. Mmoja wao, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, alisema polepole, "Vua tu, Kisaka. Kuna nini?"

Akavua. Akapeleka kata mdomoni, akaiinua vizuri kabisa, akashusha. Midomo ilikuwa imelowa. Lakini safari hii macho ya watu wote yalikuwa shingoni pake, na koo lake halikucheza hata kidogo.

"Meza," alisema Aikande.

"Nimekunywa."

"Hukumeza. Wala jana hukumeza. Meza, kaka, nimekusihi."

Kisaka akaitazama ile pombe. Jasho lilimtoka mbele ya watu, na baridi ile yote. Akaisukuma kata kifuani kwa Aikande, akakimbilia mlangoni, akavuta komeo, akasukuma. Mlango haukwenda. Theluji ya siku nzima ilikuwa imelundikana nje hadi kiunoni, na hakuna aliyekuwa ameizoa. Alisukuma kwa bega huku akilia kama mtoto, mpaka wenzake wakamshika.

Aikande alikuwa bado ameishika kata, nusu imemwagikia nguo. Akaiinua, akanywa yote iliyobaki. Oforo alipiga ukelele, akijitupa mbele na kamba zake: "Aikande! Usinywe!"

Yeye akafuta mdomo.

"Ni pombe tu, kaka," alisema. "Ile nyingine iko ndani ya unga, Bwana akaipeleke bomani." Ndipo alipoanza kulia.

Kisaka akateremshwa kwa kamba ile ile. Sumu aliitia yeye ndani ya kata, na chupa akaitia mfukoni mwa mwenzake, alikiri njiani. Firimbi akaivaa Oforo. Siku walipomzika mzee Meeli, pombe ilipikwa kama kawaida, lakini watu walikaa na kiu, hapana aliyethubutu kupokea cha mtu. Ndipo Oforo alipochota, akafungua koti na shati, akanywa mbele ya mjane wa mzee hadi koo likapanda na kushuka waziwazi, kisha akampa. Mjane akampokea.

Tangu hapo, kwetu mtu akikuletea cha ulimini au cha mkononi, kiwe pombe, ahadi au posa ya binti yako, tunamngoja kwanza ameze yeye. Sasa mmejua yule mkwe alilegeza tai kwa nini, na mjomba wenu alipokea kwa nini. Akupaye kata, mtazame koo.