Masale ya Mama Elinaza

Wahenga waliposema kuuliza si ujinga, hawakusema kwamba anayeuliza hatachekwa. Atachekwa, tena wakati mwingine mpaka ajute kuzaliwa na mdomo. Lakini kicheko hakiui mtu, na kujifanya unajua kunaweza kubomoa nyumba ambayo hata si yako. Mwalimu Luz alilijua hilo akiwa amechelewa.

Luz alikuwa Mfilipino, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya msingi huko Akheri, chini ya Mlima Meru. Watoto wa njiani walimwita Mchina, naye alishachoka kuwasahihisha. Kwa miezi minane Kiswahili alikuwa amekishika vizuri. Kilichomshinda ni kuuliza. Wiki za kwanza aliuliza kila kitu, hadi siku alipouliza ofisini kwa nini watu wa huku wanapika ndizi kabla hazijaiva. Mwalimu Lemburis alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Madam Kwanini!" akasema, na jina likamganda Luz kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Tangu siku hiyo alifunga mdomo. Aliamua kujifunza kwa macho, kimya kimya, ili asichekwe tena.

Alipanga chumba kwa Mama Elinaza, mjane wa maneno machache na mikono isiyotulia. Luz alipougua taifodi, mjane huyo alimlisha uji kwa kijiko siku tisa, kama mwanawe wa kumzaa. Luz akawa anatafuta namna ya kulipa wema huo.

Jumamosi moja Mama Elinaza alikwenda kuuza maparachichi katika soko la Tengeru. Luz akazunguka nyuma ya nyumba. Kati ya migomba ya mjane na shamba la shemeji yake, Melkizedeki, palikuwa na mstari wa mimea mirefu yenye majani membamba, isiyo na ua wala tunda. Ilisimama tu ikila mbolea ya bure. Luz aliitazama, akaiona magugu. Akachukua jembe.

Saa nne Melkizedeki alitokea upande wa pili.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwalimu. Unafanya nini?"

"Nasafisha. Nataka kumpandia mama mchicha. Ni zawadi."

Melkizedeki aliitazama mizizi iliyolala juani. Akaitazama njia ya sokoni. Kisha akatabasamu.

"Kazi nzuri sana. Ila jembe hilo butu. Ngoja nikuletee sururu."

Kufikia saa nane halikubaki hata jani moja. Luz alilima tuta pana, akalisawazisha udongo ukawa laini kama unga. Viganja vilikuwa vimechubuka, lakini moyo wake ulikuwa mweupe.

Mama Elinaza alirudi saa kumi. Alipofika nyuma ya nyumba, beseni lilimponyoka.

"Masale yako wapi?"

"Masale?"

"Mimea iliyokuwa hapa, mwanangu! Nani ameing'oa?"

"Mimi, mama. Nilitaka nikufurahishe..."

Mjane alikaa chini palepale, juu ya udongo mbichi. Hapo ndipo Luz alipoelezwa jambo ambalo mtoto yeyote wa Akheri angemwambia bure. Masale ni mpaka. Hayapandwi kwa uzuri wala kwa kuliwa. Hupandwa ili ndugu wasiuane. Na hatua tatu tu kutoka pale yalipokuwa, chini ya migomba, ndipo alipozikwa mume wa Mama Elinaza. Tangu mazishi, Melkizedeki alikuwa akidai kwamba marehemu kaka yake alimmegea ardhi, na ni masale tu yaliyomfunga mdomo.

"Lakini baba mdogo aliniona," Luz alisema. "Ndiye aliyeniletea sururu!"

Melkizedeki alikuwa anakuja, vigingi na kamba ya katani mkononi, bila haraka, kama mtu aendaye kwenye chakula chake.

"Shemeji, ulimwona ukanyamaza?" Mama Elinaza aliuliza.

"Hakuniuliza," alijibu. Akachomeka kigingi cha kwanza ng'ambo ya kaburi. "Mpaka ulikuwa hapa. Kama ulikuwa kwingine, nioneshe. Kesho baada ya ibada balozi anakuja kuandika mpaka. Jumatatu napanda maharage, na kaburi mtatafuta pa kulihamishia."

Mama Elinaza hakumgombeza Luz. Afadhali angemgombeza.

Jumapili watu walijaa shambani wakiwa bado na nguo za kanisani. Balozi wa nyumba kumi, Mama Kandida, mwanamke asiyependa kupotezewa muda, alisimama juu ya tuta na daftari lake. Wanaume watatu walionesha mpaka huku, wawili wakaonesha kule. Mama Elinaza alionesha mahali pake, lakini alikuwa peke yake. Udongo uliolimwa haukuwa na la kusema.

"Maneno bila alama ni upepo," Mama Kandida alisema. "Kama hakuna alama, nitaandika vigingi hivi."

"Na Mchina naye ahame!" mtu mmoja alidakia. "Leo kang'oa masale, kesho atang'oa mnara wa kanisa!"

Watu wakaangua kicheko. Masikio ya Luz yaliwaka moto. Aliiona kalamu ya balozi ikigusa karatasi. Aliona pia kitu ambacho mwalimu hawezi kukosa kukiona: wote walikuwa wameulizwa, isipokuwa mtu mmoja. Bibi Anyesi, aliyewazaa Melkizedeki na marehemu, alikuwa ameketi pembeni juu ya kigoda, kidevu juu ya fimbo. Luz alijua kwamba akifungua mdomo atachekwa. Akaufungua.

"Samahani. Naomba kuuliza."

"Madam Kwanini karudi!" Mwalimu Lemburis alisema kutoka nyuma.

"Kwa nini hakuna aliyemuuliza bibi?"

Kicheko kikakatika.

"Mama ni mzee, anasahau," Melkizedeki alisema haraka. "Tena mambo ya ardhi ni ya wanaume. Mwacheni apumzike."

Luz alikwenda akachuchumaa mbele ya kigoda. "Shikamoo, bibi. Masale yale alipanda nani?"

"Mzee wangu. Ni wewe uliyeyang'oa?"

"Ni mimi, bibi. Sikuuliza."

"Hata hawa hawaulizi. Wananipita hapa kama kisiki."

"Siku alipopanda, wewe ulikuwa wapi?"

"Ningekuwa wapi? Nilikuwa nambebea mawe!"

"Mawe gani?" Mama Kandida aliuliza.

"Mama," Melkizedeki alisogea karibu. "Kumbuka unakula kwa nani."

Bibi Anyesi aliinua kidevu kutoka kwenye fimbo.

"Nakula kwako, Melkizedeki. Lakini wewe ni mwanangu, na aliyelala pale ni mwanangu. Nisipomsemea mimi, atajisemea vipi?"

Akainuka. Akatembea polepole hadi kwenye tuta, akapiga fimbo chini. "Mzee alisema masale mwenye tamaa huyahamisha. Tukafukia mawe ya mtoni chini yake. Chimbeni hapa, mpaka magotini."

Kijana mmoja alivua koti la suti akaanza kuchimba. Alichimba mpaka jasho likamchuruzika, pasionekane kitu. Melkizedeki akakohoa. Mama Elinaza alifumba macho.

"Magotini kwako ndipo hapo?" bibi alimkaripia. "Chimba!"

Jembe likalia. Jiwe la mtoni, jeupe, kubwa kama kichwa cha mtoto. Hatua kumi mbele wakachimba tena, na la pili likaonekana. Mstari ulinyooka, na kaburi lilikuwa upande wa mjane, hatua tatu kamili. Melkizedeki aling'oa vigingi vyake mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

"Lakini bibi," Mama Kandida alisema, "mbona siku zote hizi hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Jumatatu, baada ya vipindi, Luz alipanda masale mapya, Bibi Anyesi akimsimamia. Aliuliza urefu wa shimo, akauliza nafasi kati ya mche na mche, akauliza hata upande upi wa shina unaingia chini. Wanawake waliokuwa wakipita na majani ya ng'ombe walisimama wakamcheka mpaka wakaegemea uzio, naye akacheka nao, akauliza tena. Mvua ilipokuja, masale yote yalishika. Atakayecheka na acheke: kuuliza si ujinga.