Dainamo ya Shule na Jasho la Bwana Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi, jambo la mwisho la kawaida kati ya Pimbi na mkewe lilikuwa ugomvi wa tochi.

"Mume wangu, unamulika pua yangu," alisema mkewe, aliyekuwa amelala chali chini ya dainamo ya shule, mashine ya kuzalishia umeme kwa kuzungusha mpini, akikaza nati. "Nati iko huku!"

"Pua yako ndiyo kubwa, inaziba nati."

Wakacheka. Wiki ile ile homa ikamlaza mkewe, na hakuinuka tena. Pimbi akabaki na binti mmoja, Mashavu, na kazi yake ya upishi pale pale shuleni.

Basi, wanangu, ikafika siku ya wanafunzi kuelezwa kazi za umeme. Akaja mkuu wa mtambo wa maporomokoni, Bwana Tembo mwenyewe. Tu! Tu! Tu! Vioo vya madirisha vikatetemeka.

"Kazi ya umeme ni nguvu!" alinguruma. "Nani anataka kuingia chuoni kwangu?"

Nyati akainua kwato. Kifaru akainua pembe. Na kule nyuma, juu ya dawati, Mashavu akainua mkono.

"Mwondoeni huyo panya," alisema Tembo.

"Mimi si panya, ni pimbi. Nataka kuwa mhandisi wa umeme, kama marehemu mama."

"Ha! Mtoto, kauze karanga! Atakayeingia kwangu ni yule atakayezungusha mpini wa dainamo yenu tangu wimbo wa shule unapoanza hadi unapokwisha, bila kupumzika. Kesho, uwanjani. Na atakayeshindwa asinigongee mlango maisha yake yote."

Pimbi aliyasikia hayo yote kwenye dirisha la jikoni, mwiko mkononi. Akamwona binti yake anaushusha mkono taratibu. Dharau alikuwa ameizoea. Ule mkono ulioshuka ndio uliomtoa jikoni.

"Binamu Tembo!"

"Binamu? Nani binamu yako, wewe kipande cha sabuni?"

"Wazee wanasema tumetoka ukoo mmoja, ila wewe ulikula na fungu langu."

Kwi! kwi! kwi! Wanafunzi wakaziba midomo.

"Nina ombi dogo," Pimbi aliendelea. "Kesho uanze wewe, watoto waone mfano."

"Kwa ncha ya mkonga!"

"Na binti yangu akikushinda?"

"Akinishinda, ataingia chuoni kabla ya hawa wote."

"Umesikia, Mwalimu Mkuu?"

Mwalimu Mkuu alikuwa Twiga. Akaitikia kwa kichwa, na kichwa kikachukua muda kushuka na kupanda.

Sasa sikilizeni. Waya wa dainamo ile ulipenya ukutani hadi jikoni, kwenye majiko ya umeme, na kila jiko lilikuwa na swichi yake. Siku ya pili Pimbi akabandika masufuria ya maharage, akafunga mlango, akasimama kando ya swichi.

Kwaya ikaanza. Tembo akaushika mpini. Vururu! Vururu! Vururu!

"Mnaona? Mwepesi kama unyoya!"

Ta! Pimbi akawasha jiko la kwanza.

Vu-ruru. Tembo akakunja uso.

Ta! La pili. Ta! Ta! Yote.

Vuuu... ruuu... Masikio ya Tembo yakaanza kupepea. Jasho likamtoka tiririri.

"Umeingia mchanga!" alihema.

"Bado beti mbili, binamu!" Pimbi alipaza sauti dirishani. "Kaza mkonga!"

Tembo akakaza mkonga, akakaza shingo, akakaza hata mkia. Vuuu... Puuu! Akaketi chini, vumbi likawafunika waimbaji.

Ta, ta, ta, ta. Pimbi akazima.

Kwaya ikaanza upya, Mashavu akapanda juu ya ndoo, akaushika mpini. Vururu! Vururu! Wimbo ukaisha, kwaya ikaurudia ubeti wa mwisho kwa raha zake, naye bado anazungusha. Vigelegele!

Ndipo Nyati akanusa. "Jamani, mbona kunanukia maharage?"

Kling'i! Mfuniko ukaanguka jikoni. Twiga akapenyeza kichwa dirishani.

"Kuni hakuna," alisema. "Umeme wa maporomokoni umekatika tangu asubuhi. Na maharage yameiva. Nani kayapika?"

Wote wakamgeukia Tembo.

"Nimechezewa!" Tembo akapiga kelele. "Mtihani umefutwa!"

Pimbi akatoka nje, mwiko mkononi. "Kweli nimekuchezea, binamu. Lakini waambie watoto, nimekufanya nini? Ukieleza kwa nini mpini ulikuwa mzito, namchukua binti yangu tunarudi nyumbani."

Tembo akakohoa. Akaitazama dainamo mbele, akaitazama nyuma. "Ni... grisi. Grisi imekauka."

"Mashavu?"

"Umeme haupatikani bure, baba mkubwa," alisema Mashavu, bado yuko juu ya ndoo. "Kila jiko likiwashwa, linamlemea anayezungusha. Yakizimwa, hata mimi naweza. Kule kwako maji ndiyo yanayosukuma. Jioni nyumba zote zikipiga pasi pamoja, mtambo unalemewa, taa zinafifia. Mhandisi hasukumi. Anapima mto una nguvu kiasi gani, anakadiria watu watatumia umeme kiasi gani, anachagua waya usioungua."

Tembo akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "Kumbe ndiyo maana taa hufifia jioni?"

"Wewe hufanyaje zikififia?" aliuliza Mashavu.

"Mimi huupiga mtambo teke."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, na Tembo naye akacheka mpaka akapiga chafya.

"Ahadi ni ahadi," alisema. "Aje."

Twiga akawageukia wanafunzi: "Shikeni neno hili: nguvu isiyouliza huwapikia wengine."

Mikono ikainuka kila upande. Digidigi akataka kupima mito. Kima akataka kupanda nguzo na kuvuta nyaya. Kobe akataka umeme wa jua, maana mgongo wa kuuanikia, alisema, anao tayari.

Asubuhi iliyofuata Pimbi aliitungua ovaroli ya marehemu mkewe kutoka msumarini, ambako haikuguswa tangu mazishi. Akaikata miguu kwa mkasi, akaikunja pindo, akaishona mwenyewe.

"Baba, mguu mmoja mrefu," alisema Mashavu, akiwa ameivaa.

"Nimeuona," alisema Pimbi, akapiga magoti, akaukunja. "Haya, nenda. Utachelewa."