Mkwaruzo wa Paka wa Siwema

Hapo zamani, pale Korogwe, Hoza Shemdoe alikuwa na wake wawili katika ua mmoja. Mkubwa, Siwema binti Kupaza, hakujaliwa mtoto, alifuga paka. Mdogo, Mwantumu binti Mbelwa, alikuwa na Hidaya wa miaka sita, na alimkataza kukanyaga kwa mke mwenziwe.

Hidaya akashikwa na homa. Homa ikaenda, ikarudi. Kisha akachechemea. Kisha nyonga ikamuuma hata asiweze kusimama.

Mwantumu akatupa jicho ng'ambo ya ua. Siwema anafagia: mbona taka anazielekeza kwangu? Siwema analeta uji: mbona leo mweupe hivi? Akaumwaga. Paka akalala kizingitini: nani kamtuma?

"Mchawi wewe!" akapaza sauti, majirani wakisikia. "Huna wako, sasa wamtaka wangu?"

"Mdogo wangu, Mungu anakuona," Siwema akajibu. Akafunga kanga zake, akaenda kwa kaka zake, kijijini Magoma.

Hidaya akapelekwa hospitalini. Tabibu akapima damu, akapiga picha ya nyonga, akauliza: "Nyumbani kuna paka?"

Hidaya akalia. "Alinikwaruza mguuni. Nikamwambia mama ni mwiba. Angenichapa!"

Tabibu akaeleza kwamba ugonjwa wa makucha ya paka huishia kwenye tezi. Kufika mfupani, kama ulivyofika kwenye nyonga ya Hidaya, ni nadra sana. Akatoa dawa za wiki nyingi. Hidaya akapona, akawa anauliza kila asubuhi: "Mama mkubwa harudi?"

Neno la kaka zake Siwema likaja toka Magoma: "Atarudi akiombwa radhi. Aje mmoja tu, mwenye kosa. Akija mwingine, msimtafute tena."

"Niende mimi," Hoza akasema. "Niliuona mtoki, ule uvimbe wa tezi, kinenani pa mtoto nikanyamaza, nikiogopa kelele zenu."

"Mimi, baba," akasema Hidaya. "Nilidanganya."

Mwantumu akainamisha uso. Ulimi uliomwita Siwema mchawi ulikuwa wake. Lakini shaka haikumtoka. "Na Siwema je? Hidaya asema aliuosha mkwaruzo kwa maji ya chumvi. Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia, ungemwitaje?" Hoza akauliza.



Haya, enyi mnaosikiliza: kikapu cha safari kiko mlangoni, na nafasi ni ya mtu mmoja. Je, nani akibebe?