Kwa Nguvu, Bosi

Sikudhani alikuwa diwani, na riziki yake ilikuwa kusaga unga kwenye mashine ya Bwana Shekifu. Wajawazito hakuwaacha wasimame foleni.

Bwana Shekifu alikitaka kiwanja cha kisima cha kina mama, ajenge ghala. Kesho yake madiwani wangepiga kura kuamua kama apewe. Sheria ilimkataza mwajiri kumtishia diwani, kwa hiyo alimfuata Sikudhani wakati mashine inanguruma, foleni isisikie, akamwinamia sikioni.

"Kesho unipigie kura nipate kisima, la sivyo kazi huna."

"Ati nini, bosi? Mashine yako imeniua masikio."

Akarudia.

"Unanong'ona kama bibi harusi! Njoo hapa karibu na swichi, useme kwa kifua."

Bwana Shekifu akasogea, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Sikudhani akaizima mashine.

"USIPONIPA KISIMA NAKUFUKUZA KAZI!"

Foleni nzima iligeuka. Mtendaji wa kata, aliyekuwa amekalia debe lake la mahindi, akasimama polepole.

"Bwana Shekifu," alisema, "unamtishia diwani kwa kura yake? Hiyo ni kesi, tena mashahidi ni sisi wote."

Bwana Shekifu akatabasamu kwa shida. "Nilikuwa namtania mama huyu," alinong'ona. "Kisima ni chenu, na kazi yake ipo."

Sikudhani akatega sikio.

"Kwa nguvu, bosi. Wa nyuma hawajasikia."